Kiapo Alichokataa Kulow

Mimi Adow ndiye niliyempeleka kaka yangu mbele ya wazee. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani najificha. Nilimshitaki kwa kosa ambalo hakulitenda, na siku tatu nzima niliamini kwamba nafanya kazi ya Mungu.

Kaka yangu anaitwa Kulow. Ni dalali wa mifugo katika soko la Garissa, nami nimejifunza kazi hiyo kwake. Ufundi wetu uko mkononi. Hapa bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo, maana soko lina masikio mengi kuliko mifugo. Dalali na mnunuzi hupeana mikono, shuka likafunika, na chini ya shuka vidole vikazungumza: hiki kimeshikwa, hiki kimeachwa, hiki kimebanwa mara mbili. Juu ya shuka utawaona watu wawili wakitazama kwingine kabisa, mmoja akimuuliza mwenzake habari za mvua ya Kotile. Mkono wa Kulow ulisifiwa hadi Wajir. Ulikuwa mkono mtulivu, ukisema umesema.

Mwaka juzi mkono ule ulianza kutetemeka. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe alisoma bei ambayo Kulow hakuitoa, kwa sababu kidole kilichotakiwa kutulia kilirukaruka, na biashara ikavunjika mbele ya watu. Yule bwana akauchomoa mkono wake, akaufuta kwenye kikoi chake, akasema, "Huyu apelekwe hospitali." Nilitamani kumzaba kofi.

Sukari, tukasema. Kwetu mwanamume wa miaka arubaini akikonda, akitetemeka, na asubuhi akigugumia maji jagi zima, hiyo ni sukari na hakuna haja ya daktari. Mama yetu, Hooyo Maka, akaanza kumpa chai chungu isiyo na hata chembe ya sukari. Sheikh akamsomea maji, Kulow akayanywa yote akashukuru. Mmoja akasema ni jini, mwingine akasema ni jicho la madalali wenzake. Mkewe Filsan peke yake hakusema kitu. Siku moja akawachukua mabinti wao wawili akarudi kwa watu wake Wajir, akamwachia mama neno moja tu: "Atakapopona nitarudi." Nami nikamsengenya mji mzima. Nikasema hao ndio wake wa siku hizi, mume akiugua wanafunga virago.

Kuna pia habari ya beberu. Dalali hatembei bila chupa ya dawa ya minyoo, maana mnyama aliyenyweshwa dawa mbele ya mnunuzi huuzika upesi. Siku moja beberu wetu alikuwa mnyonge. Nikachukua chupa ya Kulow kutoka koti lake lililotundikwa uani, nikamnywesha vifuniko vitano. Beberu alisimama kidogo akitafakari. Kisha akaupiga ukuta kwa kichwa, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akalala ubavu akilia mpaka magharibi. Nilikwenda kwa muuza dawa nikamtukana mbele ya wateja wake kwamba anatuulia mifugo kwa dawa mbovu. Maskini akaapa kwamba dawa yake ni safi, nikamwita mwongo. Kulow aliponisikia nikisimulia alicheka mpaka akatokwa na machozi, halafu akaingia chumbani akajifungia. Sikujiuliza kwa nini. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali mengi sana, lakini kwa wengine.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, Kulow akaanza kupata nafuu. Mashavu yakajaa. Mkono ukatulia, na wanunuzi wakaanza kumtafuta tena. Hooyo akasema chai chungu imefanya kazi. Lakini kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri Kulow alikuwa akipotea, na ukimpigia simu imezimwa. Nilidhani amepata mwanamke, na sitadanganya, nilifurahi. Alhamisi moja nilikuwa dukani nanunua kamba nikamwona anapita mbiombio, amejifunika uso kwa shuka kama mtu anayekimbia vumbi, na siku hiyo hata jani halikutikisika. Nikamfuata. Nilitaka niijue nyumba ya huyo mwanamke nije nimtanie.

Hakuingia kwa mwanamke. Aliingia kanisani.

Mgeni ataniuliza, kwani kuna nini? Kuna hivi. Langoni pa kanisa katika mji wetu pana magunia ya mchanga na mlinzi mwenye bunduki, na sababu yake tunaijua wote, tangu waumini waliposhambuliwa wakiwa ibadani. Kanisa ni la walimu na polisi na makarani waliohamishiwa huku kutoka bara. Msomali halipiti lango lile kutafuta kivuli. Akilipita, linasemwa neno moja, kwamba ametoka katika dini, na likishasemwa hilo hakuna atakayemwamkia, hakuna atakayeoa bintize, hakuna mkono utakaoingia chini ya shuka lake. Nilisimama kando ya barabara na kamba yangu mkononi, nikawa nayaona magari lakini siyasikii.

Mlinzi akaniita. "Wewe, unaangalia nini hapo?"

"Mimi nabita tu, afande. Natafuta ndugu yangu, ile mrefu."

"Ya mkutano? Zunguka nyuma, kwa darasa ya watoto." Akanipapasa mifuko na makwapa, akaichunguza ile kamba, akaniruhusu.

Nilizunguka nyuma huku nasoma Ayatul Kursi kimyakimya. Darasa lilikuwa na dirisha la wavu. Ndani walikuwepo watu kama kumi, watu wazima na ndevu zao, wameketi kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yamefika kidevuni. Kulow alisimama akasema jambo, nisilisikie kwa sababu ya mlio wa jenereta, nao wakampigia makofi. Kisha wote wakainuka, wakashikana mikono duara, wakafumba macho, wakatamka maneno kwa pamoja. Midomo ya kaka yangu ilikuwa inakwenda sawa na yao. Nikajua amekwisha kubatizwa. Nilirudi nyuma nikajikwaa kwenye bembea, nikatoka pale bila hata kumuaga mlinzi.

Usiku huo sikulala, na mchana uliofuata sikula. Ijumaa nilimwona Kulow msikitini, safu ya pili, anasujudu, nikasema moyoni, unafiki gani huu. Nilikuwa nimepigwa na butwaa ambalo halikunitoka hata kwenye sala. Jumamosi nikaenda kwa adeer Abdiwahab, ndugu wa marehemu baba yetu na mkubwa wa ukoo wetu hapa mjini, nikamwambia yote. Alikuwa amesimama. Akakaa chini, kwenye mchanga, na kanzu yake nyeupe.

Jumapili tulikutana sebuleni kwa Hooyo. Wanaume saba, chai ya maziwa ya ngamia mezani, na hakuna aliyeigusa. Hooyo alikuwa upande wa pili wa pazia, kama ilivyo desturi. Tulisikia kikohozi chake tu. Kulow aliingia akitabasamu, akadhani tumekutana kwa ajili ya Filsan, kwamba tunataka kwenda Wajir kusuluhisha. Alikuwa amevaa shati jipya. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Adeer hakuzunguka. "Kulow, umeonekana ukiingia kanisani. Umeonekana ukiomba na watu wa pale. Sema shahada yako tuisikie, na kama umeiacha, sema tujue."

Tabasamu lilimtoka. Akatutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi, nami nikatazama zulia.

"Ashhadu an la ilaha illallah," akasema, akaimaliza yote bila kukosea. "Sijatoka katika dini, adeer. Mimi ni mlevi."

Mzee mmoja akasema, "Alhamdulillahi." Akaropoka tu, roho yake ilikuwa imetua. Mwingine akacheka. Adeer Abdiwahab akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema, "Mlevi tu?" Na watu wakaanza kunywa chai.

Kulow alibaki amesimama, mdomo wazi. Miaka sita alikuwa amelificha neno lile kama mtu aliyeua, na alipolitoa, watu walikoroga sukari. Akasema, "Hamjanielewa," na sauti yake ilikuwa ndogo, basi akaanza kusimulia, mwanzoni polepole na baadaye hakuna aliyeweza kumzuia. Pombe kali katika chupa ya dawa ya minyoo, kwa sababu hakuna Mwislamu atakayeionja. Asubuhi kifuniko kimoja ili vidole vitulie chini ya shuka, saa nne vitatu, na jioni chupa. Filsan aliijua harufu mwaka wa kwanza, akamfichia siri mpaka akachoka. Mimi nikamkumbuka beberu. Nikamkumbuka muuza dawa niliyemtukana bure, na Filsan niliyemsengenya mji mzima.

"Na hilo la kanisa?" adeer akauliza.

Kulow akasema alitafuta kwenye simu mahali ambapo walevi wanasaidiana kuacha, simu ikamwambia mahali pa karibu ni Nairobi. Wa kumuuliza hapa hakumpata. Katika mji huu utamuuliza nani neno hilo? Mwishowe akaenda kumuuliza mama aliyekuwa akimuuzia ile pombe. Akamwambia, wale walioacha kuja kwako, wamekwenda wapi? Yule mama akamjibu, Alhamisi, saa kumi, nyuma ya kanisa, na akamwambia aende upesi, kabla yeye muuzaji hajamzoea zaidi mteja wake.

"Nikapita lango lile Alhamisi nne bila kuingia," Kulow akasema. "Nililiogopa kanisa kuliko nilivyoiogopa pombe. Alhamisi ya tano niliamka asubuhi katika zizi la mtu, mbwa ananilamba, sijui niliingiaje. Siku hiyo nikaingia. Hawanisomei kitabu chao, adeer. Wanaomba utulivu, kila mtu kwa Mola wake. Yule anayetukusanya ni mzee aliyestaafu kazi ya misitu. Alizunguka ofisi zote akiomba chumba, wakamwambia Garissa haina walevi, aombe kitu kingine. Kanisa ndilo lililompa chumba."

"Umekaa muda gani bila kunywa?"

"Wiki tisa na siku tatu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Adeer akasema jambo lenyewe limekwisha basi, ni jepesi. Kulow ataapa kwa msahafu mambo mawili: hatakunywa tena, na hatalipita lango lile tena. Baadaye watakwenda Wajir kumrudisha Filsan. Mimi nikapumua. Nikaona nimefanya vizuri hata hivyo, wallahi, niliona hivyo. Nikaenda mwenyewe kuuchukua msahafu, ukiwa umefungwa katika kitambaa chake cha kijani, na Kulow akatoka kwenda kutawadha.

Alirudi maji yakimchuruzika mikononi. Akautazama msahafu lakini hakuugusa.

"Siwezi kuapa yote mawili," akasema. "Naweza kuapa moja. Nikiapa kutokwenda kule, basi nitakunywa, na mimi najijua. Mkitaka nisinywe, niacheni niende. Chagueni nyinyi."

Adeer aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Unatupa sisi kuchagua kati ya kanisa na pombe?"

"Nimekwisha kuapa, adeer. Nimeapa peke yangu chumbani, juu ya kitabu hiki hiki, mara tatu. Mara ya tatu jua halikuzama kabla sijavunja. Sina kiapo kingine cha kuvunja. Kule hawaniapishi. Kule nasema leo sikunywa, na mwenzangu anasema leo sikunywa, tunarudi nyumbani. Ndiyo yote."

Mzee mmoja akaanza kusema kuhusu jina la ukoo. Mwingine akasema heri apelekwe kwa ngamia Kotile akae mwaka mzima mbali na watu. Adeer akasema hataki kuona mtoto wa ndugu yake akitajwa pamoja na lango lile, na kama pombe ni mtihani, basi kila mtu hufa na mtihani wake. Alisema hivyo kweli, na hakuna aliyempinga. Mimi pia sikumpinga. Kulow alikuwa bado amesimama, matone yanaanguka kwenye zulia, na nikaona kwamba tumekwisha kumchagulia.

Pazia likafunguka. Hooyo Maka akaingia katikati ya wanaume, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Ana miaka sabini na kitu, mfupi, na tasbihi haimtoki mkononi. Hakumtazama mtu. Akauchukua msahafu mezani, akaufunga vizuri katika kitambaa chake, akaukumbatia kifuani.

"Kabla ya hizi wiki tisa," akamuuliza Kulow, "uliwahi kukaa siku ngapi?"

"Nne, hooyo."

"Nilikupa chai chungu miaka miwili," akasema. Kisha akamgeukia adeer. "Mwanangu hataapa leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshamzika mume, sina haja ya kuzika mwana ili jina lenu libaki zuri. Alhamisi nitampeleka mwenyewe."

"Maka, watu watasema," adeer akamwambia.

"Waseme."

Siku zote hadi Alhamisi nilijidanganya kwamba ni hasira tu za Hooyo na zitapoa. Hazikupoa. Baada ya sala ya alasiri Hooyo alijitanda buibui lake, akaniamuru nibebe mkeka, tukatoka watatu kwa miguu, barabara kuu, mchana kweupe. Kulow alikuwa katikati na uso wake haukufunikwa. Tulipita maduka ambayo wenyewe wananijua kwa jina. Mlinzi alimpekua Kulow, akampa Hooyo shikamoo, akamuuliza kama naye anaingia. Hooyo akasema hapana. Akaniambia nitandike mkeka chini ya ukuta, upande wa nje, pale pale watu wanapopita. Akaketi, akaanza kuvuta tasbihi.

Ningeweza kuondoka. Nilibaki kwa sababu nilimwogopa, na pia kwa sababu nilikuwa na deni la maneno, maana niliyoyasema juu ya Filsan siwezi kuyazoa.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke anayeuza maziwa. Akamsalimu, akamuuliza kuna nini, Maka, mbona hapa? Hooyo akamjibu kwa sauti ile ile anayoitumia kumsalimu mtu. "Mwanangu Kulow ni mlevi. Yuko ndani anasaidiwa kuacha. Namngoja." Nikafumba macho. Sijawahi kulisikia neno lile likisemwa barabarani na mwanamke wa kwetu. Yule mama wa maziwa alishika kinywa, akaondoka bila kuaga. Akaja mwendesha pikipiki, akajibiwa hivyo hivyo. Wakaja wanaume wawili wa soko letu, madalali, watu ambao kesho yake nitakutana nao, wakajibiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Mmoja akanitazama mimi ili nikanushe. Nikasema, "Ndivyo."

Kisha nikamwona Bishara anakuja kwa haraka. Bishara ni mke wa adeer Abdiwahab, mwanamke mnene, mpole, anayeheshimiwa na kila mtu, anayefundisha wanawake Kurani nyumbani kwake, na mji mzima unamjua kwa kikohozi chake cha miaka mingi. Nikajua ametumwa na mumewe aje kumwondoa Hooyo.

"Maka, inuka twende," akasema. "Mzee amekasirika. Unatuaibisha."

"Mwanangu ni mlevi," Hooyo akamjibu. "Namngoja atoke."

Bishara akageuka. Akatazama lango, akatazama barabara kushoto na kulia. Nilidhani atamshika Hooyo mkono amwinue kwa nguvu, nikasogea nimsaidie yule nitakayeona anashindwa. Badala yake alichuchumaa kwenye mkeka, na akaongea na mimi, sauti ya chini sana.

"Adow, wewe umewaona. Wanawake wanapokelewa?"

Nikamwambia niliona wanaume tu, lakini mlinzi hamzuii mtu.

"Na ni pombe peke yake? Au hata mtu wa dawa ya kikohozi? Ile ya chupa, ya duka la dawa. Mtu anayekunywa chupa tatu kwa siku, na hana kikohozi."

Nikamuuliza ni nani huyo.

"Mimi," Bishara akasema, akainuka, akaenda kumpa mlinzi mkoba wake aupekue.